Jinzi ya Kisumu na baridi ya mlimani

Kila muhula unapoelekea ukingoni, walimu wasimamizi wa skauti, wa vyama vya jiografia na wa ile Tuzo ya Rais iliyoanzishwa nchini mwaka 1966 hubandika kwenye mbao za matangazo orodha ya vitu ambavyo mwanafunzi atakayepanda mlima hana budi kuja navyo. Orodha hizo, msomaji mpenzi, ni fasihi ya aina yake. Humo utasoma habari za tochi, blanketi, sahani ya bati, dawa ya meno na biskuti. Wapo hata wanaotaja idadi ya soksi. Lakini ukifika penye vazi la miguu, aghalabu utakuta neno moja tu, "suruali", kana kwamba suruali zote ni watoto wa mama mmoja. Mwanafunzi wa Kisumu, Ahero, Bondo au Homa Bay akilisoma neno hilo hafikiri mara mbili. Huichukua ile aipendayo, ile imkaayo vyema mbele ya wenzake. Huichukua jinzi.

Nia ya makala haya ni kuitetea hoja moja ambayo huenda ikawaudhi vijana na pia wafanyabiashara. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtu apandaye mlima wenye baridi, na suruali iliyo bora zaidi kuliko hiyo pengine tayari imetundikwa kwenye msumari bwenini, nayo si nyingine ila ile ya sare ya shule. Uchaguzi huu hautegemei kina cha mfuko wa mzazi. Unategemea kukijua kitambaa. Na maarifa ya kitambaa ni jambo ambalo mwalimu anaweza kulifundisha kwa nusu saa, bila gharama yoyote, kabla basi halijang'oa nanga.

Hebu kwanza tupime umbali wa baridi yenyewe. Mji wa Kisumu uko kiasi cha mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa kawaida hapa joto hufikia nyuzi 29 au 30 za Selsiasi, na hata alfajiri ni nadra kushuka sana chini ya nyuzi 17. Kanuni ambayo kila mwanafunzi wa jiografia huikariri ni kwamba joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 tunazopanda. Sasa tufanye hesabu. Kilele cha Koitobos, upande wa Kenya wa Mlima Elgon, kina mita 4,222. Tofauti yake na Kisumu inakaribia mita 3,100, ambazo ni kama nyuzi 18 au 19. Maana yake ni kwamba saa kumi na moja alfajiri, wakati mama wa Kondele anapowasha jiko la chapati akiwa amejitanda leso moja, huko Koitobos maji yanakaribia kuganda. Ncha ya Lenana katika Mlima Kenya ina mita 4,985, na wapandaji wengi huianza safari yao ya mwisho saa nane au saa tisa usiku ili walikute jua likichomoza. Kwa hesabu iyo hiyo, huko ni nyuzi tano au sita chini ya sifuri, bila ya kuuhesabu upepo.

Hesabu hii mwanafunzi wetu anaiweza barabara kwenye karatasi ya mtihani. Shida ni kwamba ngozi yake haijawahi kuifanya. Wapo waliowahi kuonja kidogo: aliyesafiri usiku kupitia Kericho na Londiani anaijua ile baridi iingiayo dirishani, na mvua ya mawe ya Kericho ina sifa ulimwengu mzima. Lakini kuionja baridi dakika kumi ukinunua mahindi ya kuchoma stendi si sawa na kuishi nayo siku tatu ukiwa umelowa.

Hapo ndipo pamba inapotusaliti, na kusalitiwa na pamba ni jambo gumu kuliamini kwa mtu wa kandokando mwa ziwa hili. Pamba ni jamaa yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya kikoloni iliwahimiza, na wakati mwingine kuwashurutisha, wakulima wa Nyanza kuilima, na baadaye mji wa Kisumu ulijivunia kiwanda chake cha nguo, KICOMI, hadi kilipofunga milango katika miaka ya 1990, wakati marundo ya mitumba yalipokuwa yakiingia sokoni. Wazee waliofanya kazi pale bado wapo. Ukiwaambia kwamba pamba ni kitambaa kibaya watakutazama kwa huruma.

Nao watakuwa na haki, maadamu mazungumzo yanafanyika Kisumu. Uzi wa pamba hupenda maji. Huyanywa jasho, huyashikilia, kisha huyaachia polepole yawe mvuke. Na maji yanapogeuka mvuke huondoka na joto la mwili. Katika jua la saa saba mtaani Kaloleni hiyo ni neema tupu, ndiyo sababu shati la pamba humburudisha mvaaji kuliko la nailoni. Basi sifa hiyo hiyo ipandishe hadi mita 4,000. Uzi haujabadili tabia yake. Unaendelea kuyanywa maji, unaendelea kuyashikilia, unaendelea kuuibia mwili joto, ila sasa mwili hauna joto la ziada la kuibiwa.

Waalimu wa fizikia watanivumilia nikitoa takwimu kidogo. Katika hewa ya kawaida ya maabara, pamba hubeba unyevu wa kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, sufu karibu asilimia 16, ilhali poliesta haifiki hata asilimia 1. Hayo ni kabla ya mvua. Jinzi kavu ina uzito wa nusu kilo na zaidi, na ikilowa chapachapa uzito huo hukaribia kuwa maradufu. Ili kuikausha nusu lita ya maji iliyomo kwenye nguo huhitajika joto la kilokalori 290 hivi, na mlimani joto hilo litatoka kwa mvaaji mwenyewe. Ni sawa na kuchukua gramu 80 za unga wa mahindi alizokula mtoto kwa shida asubuhi ile, akiwa hana hamu ya chakula kwa sababu ya mwinuko, na kuzimwaga nje. Tena maji hupitisha joto mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Kitambaa kikavu humhifadhi mtu kwa sababu ya hewa iliyonaswa baina ya nyuzi. Kitambaa cha pamba kikilowa, nyuzi hulala, hewa huondoka na maji huchukua nafasi yake. Suruali haiwi tena nguo. Inakuwa bomba la kulipeleka joto nje.

Mwili wa binadamu hukaa kwenye nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, madaktari husema mtu ameingia katika haipothemia, yaani kuzidiwa na baridi. Huanza na kutetemeka. Kisha ulimi huwa mzito, vidole hushindwa kufunga kamba ya kiatu, miguu hujikwaa penye njia nyeupe. Wenzake humcheka wakidhani amechoka au anafanya mzaha. Dalili ya kutisha kuliko zote ni kutetemeka kukoma huku mtu bado yumo baridini, kwa kuwa hapo mwili umekata tamaa ya kujipasha. Na si lazima barafu iwepo. Nyuzi 8 zenye mvua na upepo zinatosha kabisa kumfikisha kijana mwenye afya mahali hapo, iwapo amelowa na amesimama kumsubiri mwenzake aliyechelewa.

Hapa niseme jambo kuhusu majira, kwa sababu kalenda ya shule haikutungwa na mpanda mlima. Likizo ya Aprili huangukia katikati ya masika. Ile ya mwisho wa mwaka huanza vuli ikiwa bado haijaisha. Agosti ndiyo likizo inayoonekana salama, na kwa Mlima Kenya ni kweli kwamba huwa na ukavu wa kuridhisha. Lakini shule nyingi za upande wetu huupendelea Mlima Elgon kwa sababu u karibu; unapita Kakamega, Webuye na Kitale hadi Endebess na lango la Chorlim siku hiyo hiyo. Na magharibi mwa Kenya, Agosti si mwezi mkavu hata kidogo. Kitale hunyeshewa vizuri kabisa mwezi huo. Mwalimu anayewaambia vijana kwamba Agosti ni kiangazi amesoma kitabu cha mlima mwingine. Anayetaka ukavu wa Elgon angojee Desemba inayoelekea Januari. La sivyo ajue kwamba suruali za vijana wake zitalowa, na achague akilifikiria hilo. Upande wa Mlima Kenya nako, njia ya Naro Moru ina eneo maarufu la kinamasi kinachopanda mteremko, ambako hata siku isiyo na mvua mtu huibuka na matope magotini.

Basi tuvae nini?

Nianze na ile sare. Suruali nyingi za kijivu, nyeusi au za buluu zinazovaliwa katika shule zetu za upili hushonwa kwa poliesta au kwa poliesta iliyochanganywa na viskosi au pamba kidogo. Wanafunzi huzichukia kwa kuwa hutoa joto darasani. Lakini zikimwagiwa maji hukamuka, na zikitikiswa mara tatu na kuvaliwa hukauka mwilini mtu akiwa anatembea. Ni nyepesi, hazikazi goti, na tayari zimelipiwa. Kosa lake ni kwamba peke yake haihifadhi joto la kutosha kwa usiku wa mlimani, na kwamba cheche moja ya moto huitoboa mara moja, kwani poliesta huyeyuka. Kijana aliyevaa poliesta na aote moto kwa mbali.

Ya pili ni sufu, na hapa nina upendeleo ambao sitauficha. Sufu hunyonya maji mengi kuliko pamba, hilo tumeliona, lakini nyuzi zake zimejikunja kama nywele zilivyo, hazilali zikilowa, na hivyo hewa hubaki humo. Mwili wa George Mallory, aliyepotelea Mlima Everest mwaka 1924, ulipopatikana mwaka 1999, ulikutwa na mabaki ya tabaka kadhaa za hariri, pamba na sufu, na juu yake vazi la gabadini la kuzuia upepo. Hiyo si nguo ya maajabu ya maduka ya leo. Ni nguo ya mwalimu wa shule, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na ilimfikisha juu kuliko mita 8,000.

Suruali za sufu Kisumu? Naam, zipo, na zipo kwa wingi kuliko watu wanavyodhani. Nenda Kibuye siku ya Jumapili. Pita marundo ya jinzi ambako vijana wamejazana, pita sketi, pita mashuka, hadi upande wa suruali za suti za wazee wa Ulaya. Geuza kiuno ndani nje, utafute kijilebo. Nyingi zimeandikwa kwamba ni sufu asilimia 100, au sufu nusu na poliesta nusu. Koti lake lilibaki Hamburg au Leeds, suruali pekee haimfai mtu wa ofisi, na kijana haitaki kwa sababu ina mikunjo mipana kiunoni. Hubaki pale hadi iitwe fagia na kuuzwa kwa bei ya kufagilia. Mikunjo ile mipana anayoidharau kijana ndiyo inayompa mpanda mlima nafasi ya kuinua goti.

Katika marundo hayo hayo huonekana mara kwa mara suruali nene zenye zipu miguuni, zilizotengenezewa watu wa kuteleza thelujini. Mama mmoja mchuuzi aliniona nikiipindua moja akacheka sana. "Japuonj," aliniambia, "hiyo ni ya wazungu wa barafu. Ukiivaa hapa utaiva kama mbuta kwenye sufuria." Nilimjibu kwamba sitaivaa mimi, na wala haitavaliwa hapa. Aliniuzia mbili kwa bei ya moja, akiwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Nguo hizo ni nzuri kwa kukalia kambini na kwa saa za alfajiri. Kwa kutembea mchana hazifai: mvaaji hulowa kwa jasho lake mwenyewe, na aliyelowa kwa jasho hana tofauti kubwa na aliyelowa kwa mvua.

Msomaji ambaye kijilebo kimekatwa kwenye suruali yake asikate tamaa. Achomoe uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, aushike kwa koleo ya maabara mbele ya mwalimu, auwashe. Uzi wa pamba utaungua haraka kama karatasi na kuacha jivu laini. Wa sufu utajikunjakunja, uzimike upesi na kunuka kama nywele zilizoungua. Wa poliesta utayeyuka, utoe moshi mweusi, kisha uache kidonge kigumu ambacho vidole haviwezi kukisaga. Kitambaa cha mchanganyiko hutoa dalili mchanganyiko, na hapo busara itumike.

Kuhusu umbo nitasema machache. Mvaaji ainue goti hadi kiunoni, kisha achuchumae kabisa. Ikiwa kitambaa kinabana paja au mshono wa katikati unalalamika, suruali hiyo haifai, hata ikiwa imetoka kwenye duka lenye kiyoyozi. Pindo liishie penye kifundo cha mguu, lisiburute matope. Kiuno cha kamba au mpira ni bora kuliko mkanda wenye bakoli nene, kwa kuwa bakoli hukutana na mkanda wa shanta na kuchimba tumbo siku nzima. Rangi si hoja. Nimewahi kusikia mabishano marefu kuhusu rangi na sikuona faida yake.

Lililo muhimu zaidi ni kwamba hakuna suruali moja ifaayo kwa kila saa ya mlimani. Wanaotafuta hiyo moja ndio wanaotapeliwa. Kwa maoni yangu kijana ahitaji tatu, na zote zinaweza kupatikana bila kumfilisi mzazi. Ya kwanza ni nyepesi ya kutembelea, na hapo sare au suruali ya trakisuti ya poliesta inatosha. Ya pili ni ya joto: sufu, au ile flisi yenye manyoya mepesi, ambayo kwa kawaida ni poliesta vilevile. Hii ikaushwe, ikunjwe, ifungwe isiguswe na maji, na isivaliwe njiani kamwe isipokuwa ile alfajiri ya kileleni. Usiku mtu alale nayo. Kijana aliye na nguo moja kavu ya kulalia anaweza kustahimili mchana mbaya sana. Ya tatu ni ya kuzuia mvua na upepo, ipite juu ya nyingine. Maana flisi, pamoja na uzuri wake wote, hupitisha upepo kama wavu wa omena.

Na tukitaja omena, tuwataje wavuvi wake, ambao hawauhitaji mhadhara huu. Hutoka usiku wa giza na taa zao, huketi saa nyingi juu ya maji, na aghalabu utamwona mmoja wao akirudi Usenge au Mbita alfajiri amevaa koti la plastiki la mvua juu ya sweta kuukuu. Tabaka lizuialo maji juu, tabaka lihifadhilo hewa chini. Hakuna aliyemfundisha hayo darasani. Siku hizi suruali za aina hiyo huvaliwa pia na waendeshaji bodaboda wa Kisumu, na hupatikana kwa urahisi madukani. Mpanda mlima aweza kuazima moja kwa mjomba mwenye pikipiki. Aivae mvua inaponyesha au upepo unapovuma, aivue akianza kutokwa jasho, kwa sababu plastiki haipumui.

Kuhusu kuifunga nguo kavu, kuna jambo ambalo walimu wa zamani hawalikumbuki. Mifuko ile myembamba ya plastiki tuliyozoea kuitumia ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na tangu Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja hazikubaliwi katika mbuga za taifa. Msafara unaweza kuzuiwa langoni kwa sababu hiyo. Fundi cherehani yeyote anaweza kukata koti kuukuu la mvua na kulishona mifuko mitatu au minne ya kufungwa kwa kamba. Mishono ipakwe nta ya mshumaa. Mfuko huo utadumu miaka mingi.

Sasa nije kwenye suala ambalo katika shule zetu huzungumzwa kwa sauti ya chini. Wasichana wengi hawapandi mlima kwa sababu ya suruali. Sheria ya sare inasema sketi. Baadhi ya makanisa ya ufadhili yanasema suruali ni vazi la mwanamume. Baadhi ya wazazi wanasema hivyo hivyo. Hivyo msichana huambiwa ama abaki nyumbani, ama aende na sketi yake, na wapo wanaokwenda. Sketi ya poliesta yenyewe si kitambaa kibaya, lakini upepo hauulizi ruhusa ya kuingia chini yake, na penye mawe makubwa mtu anayeishikilia sketi kwa mkono mmoja anabaki na mkono mmoja tu wa kujishikilia. Huo ni mzigo tunaomtwika mtoto wa kike ilhali kaka yake hana habari nao.

Msimamo wangu ni kwamba mkuu wa shule anayeidhinisha safari ya mlimani ameidhinisha pia suruali, kwa wote. Barua ya mzazi iliseme hilo waziwazi. Palipo na pingamizi la imani ambalo haliwezi kuondolewa kwa mazungumzo, pana njia ya katikati inayohifadhi heshima na uhai pamoja: taiti nene ya sufu au ya poliesta ndani, suruali ya trakisuti juu yake, kisha sketi fupi kidogo ya kufunga kiunoni kama leso. Sijamsikia mchungaji aliyeipinga nguo isiyoonekana. Lakini isiwe kisingizio cha kuwaacha wasichana na taiti za pamba, zile nyembamba zinazouzwa kwa wingi mjini, kwa sababu hizo ni jinzi kwa jina jingine: zinalowa, zinashika ngozi, na haziachii.

Vilevile wavulana wavaao kaptura. Ipo dhana kwamba kijana shupavu hahitaji kufunikwa magoti. Paja ndilo lenye misuli mikubwa kuliko yote mwilini, na damu nyingi hupita humo. Likipoa, mwili mzima hupoa. Ushupavu wa aina hiyo auache kiwanja cha Moi, Kisumu, kwenye mechi ya Jumamosi.

Kuna wanaosema kwamba haya yote ni kuwadekeza watoto. Kila mwanafunzi analijua jina la Kisoi Munyao, aliyeipandisha bendera yetu katika Mlima Kenya Desemba 1963, nao husema kwamba mzee yule hakuuliza habari za poliesta. Yamkini hakuuliza. Lakini alikuwa mpanda mlima mzoefu aliyeijua baridi ya pale kabla ya usiku ule. Vijana wetu wanapelekwa kwa mara ya kwanza kutoka nyuzi 30. Mzoefu anaweza kufidia nguo mbaya kwa maarifa. Mgeni hana cha kufidia. Na ikiwa tumekubali kwamba milima hii ni yao pia, wala si ya watalii pekee, basi tusiwapeleke huko kwa namna itakayowafanya waapie kutorudi.

Lililobaki ni kazi ya mwalimu, na si kubwa. Wiki mbili kabla ya safari, akate vipande vitatu vya ukubwa mmoja: kimoja cha jinzi, kimoja cha suruali ya sare, kimoja cha sufu. Avipime kwenye mizani ya maabara vikiwa vikavu. Avitumbukize kwenye beseni dakika kumi, avikamue kwa nguvu ile ile, avipime tena. Kisha avitundike dirishani na wanafunzi wavipime kila baada ya nusu saa na kuchora grafu. Kipande cha jinzi kitakuwa bado kizito wakati kile cha sare kimeshasahau kwamba kililowa. Baada ya somo hilo orodha ya ubao wa matangazo iandikwe upya, na penye neno "suruali" pawe na maneno machache zaidi: mbili zisizo za pamba, moja ya mvua.

Asubuhi ya safari, ukaguzi ufanywe kabla ya kupanda basi, mbele ya mzazi ikiwezekana, na kwa upole, kwa sababu wapo watakaokuja na jinzi kwa kuwa hawana nyingine. Kwa ajili ya hao shule iwe na gunia lake la suruali kumi au kumi na tano za sufu na trakisuti, zilizonunuliwa fagia Kibuye, zikafuliwa na kuandikwa nambari kiunoni. Mwenye kuazima atie sahihi kama anavyofanya maktabani. Wakirudi, zifuliwe tena, zikaushwe kabisa na kutiwa majani ya mwarobaini kabla ya kufungwa, kwa maana nondo wa Kisumu nao wanaipenda sufu.